Kamba Zetu Zimebaki Bila Kazi

Kwa Msimamizi wa Gari la Wagonjwa,

Mheshimiwa, pokea heshima zangu pamoja na hasira za mtaa mzima.

YAH: KUWAHAMISHA WAHUDUMU TEODORA NA PIUS

Mimi ni katibu wa kamati ya ukamataji hapa mtaani kwetu, Igogo. Kwa desturi yetu, mtu akirukwa na akili hufungwa kwanza, maswali baadaye. Kazi hii tunaifanya kwa kujitolea, kwa kamba ya nailoni, ile ile ya wavuvi. Sasa wahudumu wako wawili wanatuharibia.

Mwezi uliopita Owiti, fundi baiskeli, alipanda juu ya tangi la maji akasema ziwa linamwita, naye ataitika. Tukajipanga wanaume sita. Gari lako likafika, na madhambi yake ni haya:

1. Lilikuja kimya. King'ora walikizima huko huko barabarani, watu wa mtaa wa juu wakakosa kuona. Huo ni ubaguzi.

2. Teodora, na sare yake, alimwamkia Owiti shikamoo. Mheshimiwa! Mtu yuko juu ya tangi na kandambili moja, anapewa shikamoo, tena akaitikia marahaba vizuri kabisa. Mimi sijaamkiwa na vijana wa mtaa huu tangu Pasaka.

3. Kisha akaketi vumbini, akamuuliza ziwa linasemaje. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sikatai, lakini nyoka hana kamati.

4. Pius alitutuma tukamnunulie Owiti uji. Sisi, wanaume sita wenye kamba! Tukaenda. Akasisitiza sukari isizidi.

5. Owiti alishuka kwa miguu yake, akanywa uji, akapanda gari mwenyewe. Hakuna aliyechubuka hata ukucha. Amesharudi, anaziba pancha, anameza dawa zake, na anatusalimu mmoja mmoja kwa jina. Mwaka juzi tulipomfunga sisi, alama za mikononi hazijafutika mpaka leo, na salamu hatukupata. Inauma sana.

6. Hili ndilo baya kuliko yote: watu wameanza kusema. Dorotea, muuza dagaa, alisimama kwenye jumuiya akatangaza kwamba hulia bila sababu. Mwenyekiti wetu naye anadai hapati usingizi. Miaka yote mtaa huu haukuwa na mgonjwa hata mmoja, kwa kuwa kila mtu aliogopa kamba. Ukiwaacha hawa wawili, tutaugua wote hadharani.

Kwa hiyo naomba wapelekwe mbali, hata Igoma. Ikishindikana, basi wafundishwe kufunga. Tuko tayari kuwafundisha bure.

Nisalimie wote ofisini, na dereva pia, ingawa naye alikunywa uji wetu.

Wako mwenye akili timamu,
Mihayo Kashindye
Katibu

Nyongeza: Kabla hujawahamisha, wapitie kwangu. Tangu tumzike binti yetu Evelina chakula hakinipiti, na jana mke wangu Kija alinikuta nimesimama ziwani, maji yamenifika kifuani. Sikumbuki nilifikaje. Waje mchana, wanakamati wakiwa kwenye mihangaiko yao. Nawajua wale, niliwafundisha mimi. Na nikishindwa kuongea, tafadhali waambie wasiondoke haraka.