Meneja wa Fleti na Oveni Yake

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi kanikabidhi funguo za fleti anayopangisha wageni wa siku mbili tatu. Hatimaye. Meneja ni mimi. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Katikati hapo mashuka yafuliwe, deki ipigwe, choo king'ae. Kazi ya usingizi. Na meneja ana chumba chake juu ya paa, peke yake, na kitanda. Kwaheri kulala chini chumbani kwa binamu.

Binamu, mtoto wa Shangazi, tunamwita Pasi. Hunyoosha hata soksi. Shangazi kasema mgeni mmoja tu akilalamika, funguo zinakwenda kwa Pasi. Pasi kanipongeza huku akinikagua kucha. Wivu.

Jumatano, 5 Machi

Saa nne imepita, mume na mke bado wamejibwaga kwenye kochi na chai yao. Nikagonga. Mume akasema wanamalizia. Nikagonga tena. Mke akaniuliza kwani nilizaliwa njiti, mbona nina haraka. Mume alipoingia kuoga, nikapanda juu, nikafunga koki ya tangi la maji. Wakatoka mbio, mume ana povu masikioni. Akili hizi shuleni hawafundishi. Najua, nilipita huko kidogo.

Lakini muda umekwisha, mashuka machafu yapo kitandani, na mgeni mpya anapiga honi chini. Nikatandika seti safi. Chafu nikaisokomeza kwenye oveni. Nani anapanga siku mbili halafu aoke?

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna aliyeoka. Oveni sasa ndiyo kabati langu la kazi. Leo nimeongeza taulo, kisha nikalala mpaka mchana. Meneja lazima apumzike.

Pasi akaja kunusanusa. Akauliza mbona kamba ya kuanikia haina kitu. Nikamwambia natumia njia za kisasa. Akafungua kabati, akafungua friji, akachungulia mvunguni. Akaondoka anapangusa kola. Pole yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni wa leo ni bibi mmoja mpole, kabeba mabakuli. Nikamuuliza kwa adabu anafanya kazi gani. Akasema anaoka keki. Amekuja kuoka ya harusi ya mjukuu wake, na fleti hii kaichagua kwa sababu ya oveni aliyoiona kwenye picha.

Nikamwambia oveni mbovu. Akasema ataitengeneza. Nikamwambia ina shoti, inarusha watu. Akasema na yeye hurusha watu. Nikaomba basi niifute kidogo. Akanijibu nikapumzike, ameshaiwasha ipate moto.

Moshi! Majirani wakashuka ngazi na taulo viunoni. Shangazi akafika anahema, Pasi nyuma yake, shati limenyooka hata kwenye moto. Bibi wa watu, ametulia kabisa, akachomoa shuka jeusi kwa koleo. Akaniuliza mjukuu wangu, hili ulitaka likaukie au liive?

Pasi alicheka mpaka shati likakunjamana. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, nikaweka funguo. Pasi akazipokea kwa leso. Niko chini chumbani kwake tena. Mkeka wangu kaupiga pasi.

Bibi naye katoa nyota moja mtandaoni. Kaandika kwamba nyumba ni nzuri, ila mashuka yalitolewa mapema, hayakuiva katikati.

Alhamisi, 13 Machi

Oveni mpya imeletwa. Pasi amekwenda kununua mashuka mengine, kaniachia funguo mpaka mchana. Wageni wanatoka, wengine wako njiani. Kanionya nifue, nisilete ujanja. Nikamwitikia vizuri.

Nikaikagua oveni. Kubwa kuliko ile. Mashuka yote yameingia, na foronya, na taulo, na nafasi ya mto imebaki.

Lakini mimi si mjinga wa kurudia kosa. Safari hii nimechomoa waya wa umeme, nimeuficha mvunguni. Nani atatazama huko?