Kamba ya Kumbukumbu, Musoma Mjini

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mwaka huu wa 1986 Musoma imepata vivutio. Zamani tulikuwa na ziwa tu, na ziwa halina mlango wa kukatia tiketi.

Mimi, Alfonce Werema, Afisa Utamaduni, ndiye niliyeandika Mwongozo wa Kumbukumbu. Chochote kilichokaa mahali pamoja zaidi ya miaka kumi ni kumbukumbu. Kinazungushiwa kamba, kinawekewa kibao cha USIGUSE, na hakitumiki tena. Kisicho na kamba si kumbukumbu. Utekelezaji ulianza mara moja, yaani baada ya mwaka, maana kamba ilikuwa haipatikani. Tuliambulia moja tu, kwa wavuvi.

Tukaifunga kwenye jiko la Bi Mwamvita, barazani kwake, mtaa wa maduka ya zamani, pamoja na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu.

"Ndugu Afisa, hapa nakaangaga sato tangu sijazaa," akalalamika. "Leo wanangu watakula nini?"

"Watakula fahari, mama. Jiko lako limepanda cheo."

"Hiyo fahari inakaangwa kwa mafuta gani?"

Swali lilikuwa nje ya ajenda, nikaondoka.

Wiki iliyofuata akaja Mkaguzi kutoka wizarani, Ndugu Eufrasia. Nikamtembeza mwenyewe. Tulianza na Bustani ya Mapumziko, iliyozungushiwa senyenge ili wananchi wasiichoshe. Ndani walikuwa wamepumzika mbuzi wa mwenyekiti. Tukaingia Makumbusho ya Biashara, duka ambalo miaka ile ya shida lilibaki tupu, nasi tukalihifadhi hivyo hivyo: rafu, vumbi, na karatasi ya kufungia sabuni. Mkaguzi aliinusa karatasi ile, machozi yakamlengalenga.

Tulipofika barazani kwa Bi Mwamvita, Mkaguzi alikuwa hoi kwa njaa.

"Hapa si ndipo wanapouza sato?"

"Palikuwa," nikamjibu kwa majivuno. "Sasa ni historia."

Bi Mwamvita akainuka alipokuwa amekaa na watoto wake. "Shikamoo, mama Mkaguzi. Kuna kivutio mmekiruka. Kipo ofisini kwa Afisa huyu."

"Kivutio gani hicho?"

"Yeye mwenyewe."

Nilicheka sana. Tukaenda wote ofisini, ng'ambo ya barabara, nikakaa kitini kwangu ili nionekane vizuri.

"Una muda gani hapo, Ndugu Werema?" Mkaguzi akauliza.

"Miaka kumi na tano! Sijahamishwa hata siku moja, na hakuna faili lililowahi kutoka mezani kwangu!"

"Hebu nisomee mwongozo wako."

Nikausoma kwa sauti nzuri ya kikazi. Nilipofika "hakitumiki tena" kikohozi kikanishika.

"Umeandika vizuri mno," akasema Mkaguzi. "Leteni kamba."

Loo! Kamba mkoa mzima ilikuwa ile ile moja. Wakaifungua jikoni kwa Bi Mwamvita pamoja na kibao chake, wakanizungushia mimi na kiti changu. Alasiri hiyo hiyo jiko likawaka, na Mkaguzi akala sato wawili.

Naripoti kwamba kivutio kinafanya vizuri. Wageni hufika, hunitazama, kisha huvuka barabara kwenda kula. Harufu inaingia dirishani, jamani, inatesa! Jana nilishindwa kuvumilia.

"Mama Mwamvita, nionjeshe hata kipande cha mkia!"

Akaja na sahani mpaka kwenye kamba. Akakitazama kibao, akanitazama mimi.

"Ningekupa, baba," akasema, "ila mwandiko si ni wako?"