Achari za Zabriskie

Jumatatu, 6 Machi 1939
Nakiri mapema, wino haujakauka: nimemdanganya mama mkwe miaka minane. Nilimwambia jina langu hutokea kwenye katuni zote za Nyumbu Fenimore. Halitokei. Hutokea la tajiri, Bwana Grandison, kubwa kama treni, basi. Sisi wachoraji tunajulikana na wake zetu tu, tena wakiwa na hasira. Sasa Mama Ottilie anakuja Los Angeles kutoka Nebraska, alione sinemani kwa macho yake. Kashona gauni! Kasema asipoliona, anarudi kwao na binti yake. Yaani Verna wangu!

Jumanne, 7 Machi
Akili imefunguka! Filamu ya sitini: Fenimore anaingia mjini. Mji nauchora mimi. Nyumba, mti, kisima, duka. Juu ya duka nimeandika jina langu: ACHARI ZA E. ZABRISKIE. Dogo, la adabu. Bwana Grandison kapita kukagua. Hasomi bila miwani, na miwani haivai mbele ya wasichana wa kupaka rangi. Kasema mji una uhai. Nikasema asante, mkubwa. Tarbell wa meza ya pili, mbea yule, kaniuliza duka nimefungua lini. Nikamwambia achore mawingu yake.

Alhamisi, 13 Aprili
Balaa! Muda umetuishia, mwongozaji kauchukua mji wangu na kuutumia kwenye mbio za mwisho. Maana yake nyumbu anakimbia palepale, mji unavutwa nyuma yake, ukiisha unaanza upya. Nyumba, mti, kisima, achari. Nyumba, mti, kisima, achari. Nimehesabu. Mara kumi na tisa! Na keshokutwa inaonyeshwa Glendale kwa majaribio, mbele ya watu. Tajiri atavaa miwani, maana ukumbini ni giza, hakuna msichana wa kumwona. Kazi sina. Labda na mke.

Ijumaa, 14 Aprili
Nimefanya ubaya. Nimemwendea Bwana Grandison, nikamwambia kuna mtu kaandika jina langu kwenye mji ili kuniharibia. Sikumtaja Tarbell. Niliitazama tu meza yake kwa huzuni. Kwa muda mrefu. Tajiri akanguruma, Tarbell! Nikasema mkubwa, mie sijataja mtu. Nilikula mchana nikijuta. Sandwichi mbili tu.

Jumamosi, 15 Aprili
Wee! Duka lilipita mara ya kwanza, Mama Ottilie akanifinya mkono. Mara ya pili, akaninong'oneza, mwanangu, mbona umezidisha? Mara ya nne, watu wakaanza kucheka. Ya saba, ukumbi mzima unapiga kelele: Achari! Ya kumi na tano, Fenimore yuko hoi, ulimi nje, na mzee mmoja wa mbele akamwambia nunua basi, tupumzike! Mama Ottilie kapanda juu ya kiti na gauni lake jipya, anawatangazia Glendale nzima kwamba Zabriskie ni mkwewe. Miaka kumi ya nyumbu huyu, hajawahi kuchekwa hivi! Nikasimama, nikapunga mkono. Bwana Grandison akaja, machozi ya kicheko hadi kwenye miwani. Nikafungua mikono. Akanipita. Akamkumbatia Tarbell.

Jumatatu, 17 Aprili
Tarbell kafanywa mkuu wa wachora mandhari. Kwa ubunifu! Wala hakukanusha, mnafiki. Nilitaka kumwambia tajiri ukweli, nikakumbuka nikianza na mji lazima nimalizie na meza ya Tarbell. Nikarudi mezani kwangu. Lakini! Amri imetoka: duka la achari litakuwemo kwenye kila filamu ya Fenimore, siku zote. Jina langu! Mama Ottilie kapanda treni ya Nebraska peke yake. Kanibusu. Verna kaoka pai ya tufaha. Nimeshinda! Na nimetubu, kweli kweli. Sitadanganya tena, sitamchongea mtu, wala sitaandika jina la mtu kwenye mandhari yoyote bila kuagizwa.

Jumanne, 18 Aprili
Filamu ya sitini na moja: Fenimore anakimbizwa makaburini. Mkuu Tarbell kaniagiza duka la achari liwe getini, na mawe ya makaburi niyaache matupu. Mawe matupu yanatia huruma. Moja lingependeza likiandikwa L. TARBELL. Dogo, la adabu.
Nimeshauliza. Mandhari itajirudia. Atazikwa mara ishirini na sita.