Milimita Tatu za Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ya zipu. Tangu mchana haijanitoka masikioni. Mwalimu wetu wa kuzamia alisimama ukingoni mwa boti, akapeleka mkono mgongoni, akashika kamba ya zipu ya suti yake ya mpira, akaivuta mara moja. Kiunoni hadi shingoni. Sisi wengine hufungiana zipu wawili wawili, kama wapakiaji na gunia. Yeye peke yake. Kisha akaingia majini bila kurusha tone.

Nataka kuwa hivyo.

Kuna safari ya siku sita, kuzamia mara nne kwa siku, wageni wanane. Mwalimu anahitaji msaidizi mmoja. Tumebaki wawili: mimi, na mwenzangu ninayemwita Kipimajoto kwa sababu hubeba kipimajoto kwenye uzi na kukitia majini kila boti inaposimama. Leo ameandika nyuzi ishirini na nane. Huko tuendako ni hizohizo. Niendako, nilitaka kuandika.

Juma hili tunajichagulia suti wenyewe na Mwalimu anatazama tu. Jumapili kila mmoja atajaza fomu: atasafiri na suti ya unene gani, na kwa nini. Mwalimu ataamua kwa fomu hiyo.

Nimeichunguza suti yake. Milimita tatu. Magotini ina viraka viwili alivyobandika mwenyewe, vimenyooka kama vimepigwa rula. Nikapiga hesabu. Ikiwa bingwa anavaa tatu, anayestahili kumrithi atavaa pungufu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba Mama Stoo, mtunza vifaa wa chuo chetu, suti ya milimita moja na nusu. Akauliza kama naenda kuzamia au kulala. Eti ile ni ya watu wa kuelea juu wakitazama samaki, si ya kushuka mara nne kwa siku. Nikamkumbusha kuwa maji ni nyuzi ishirini na nane. Akasema chai ya nyuzi ishirini na nane angeirudisha jikoni.

Hana elimu ya fizikia.

Kipimajoto alivaa tano. Alitembea kama godoro lililopata ajira. Kushuka hakushuka, alielea mpaka Mwalimu akamwongezea vyuma vitatu kwenye mkanda wa uzito. Mimi nilishuka kama sindano. Tulizamia mara moja tu, na Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo mara tatu. Ya kwanza, raha. Ya pili, raha ya kujilazimisha. Ya tatu, meno yakaanza kugonga mpira wa bomba la hewa. Nilidhani ni injini ya boti.

Na hapo ndipo Mwalimu alipotuonyesha pweza. Alisimama juu ya matumbawe bila kupiga teke, mikono imekunjwa, akipanda na kushuka kwa pumzi yake tu. Pweza hakumwogopa. Aliniogopa mimi, niliyekuwa natetemeka kama mashine ya kufulia. Akaondoka.

Kutetemeka kunakula hewa. Mtungi wangu ulibaki robo, wa wenzangu nusu. Mwalimu akainua kidole gumba: wote juu. Kwa ajili yangu.

Botini alinifunika taulo lake mwenyewe, akauliza kama niliona baridi. Nikasema hapana, ni furaha. Kipimajoto akataka kujua ni furaha ya aina gani inayogeuza midomo kuwa buluu.

Nyumbani, kwenye kikombe cha nne cha chai, nilimweleza Mama. Akaanza methali ya mwiga tembo. Sikumsubiri aimalize. Nilikuwa nimepata wazo.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo: suti mbili. Ndani, suti ya mdogo wangu wa miaka kumi na mitatu, milimita tatu, ya waridi, ina samaki wanaotabasamu. Juu yake ile nyembamba. Joto ndani, ushujaa nje. Kuvaa kulichukua dakika arobaini na nusu chupa ya sabuni ya vyombo. Mdogo wangu alinisukuma kwa goti mgongoni akisema, Dada, ukipumua tumekwisha.

Suti mbili huelea kuliko moja. Hilo nalijua, nimelisoma. Lakini kuomba vyuma zaidi kungefichua siri. Sikuomba.

Nikatumbukia, nikaibuka. Nikatumbukia, nikaibuka. Kipimajoto, ambaye leo amevaa tatu, alipita chini yangu akanipungia mkono. Hakuwa na kejeli, na ndicho kilichoniuma. Nikakunja kiuno, kichwa chini, nikapiga teke kwa nguvu zangu zote.

Sauti ilisikika botini. Suti ya juu ilichanika msambani, na samaki wa waridi wakatabasamu hadharani. Ndipo nikakumbuka methali ya Mama inavyomalizika.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu aliniita ofisini. Nilimkuta akishona suti niliyoipasua, gundi pembeni, mshono mdogo kama chembe za sukari.

Akasema, bila kuinua macho, kwamba katika chuo kizima hakuna anayeona baridi kama yeye. Chini ya suti yake huongeza fulana yenye kofia, na huivaa kabla ya kuzamia mara ya pili, baridi isimkute. Mwili hupoteza joto kidogo kidogo, haulirudishi lote, na siku ya nne ya safari ndiyo hudai deni. Mwembamba na mnene hawavai sawa. Kipimajoto alikosea Jumanne, akasema amekosea, akabadilisha. Suti haina cheo.

Kisha akanitazama. "Mwanangu, anayeniambia anaona baridi simwogopi. Namwogopa anayenificha."

Nililia kidogo. Akanipa suti. Nimeitafuta ile sehemu iliyochanika kwa vidole, nikiwa nimefumba macho. Siipati.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilitafakari kutwa. Nimeelewa.

Mwalimu huona baridi kuliko wote. Basi msaidizi wake anapaswa kuona baridi kumshinda.

Jana jioni Mama Stoo alinibadilishia suti: milimita saba, kofia, glavu na soksi. Aliuliza kama safari imehamishiwa kwenye barafu. Nikamjibu kwamba chai ya nyuzi ishirini na nane yeye mwenyewe alisema angeirudisha jikoni.

Nimeandika kurasa tatu kuhusu baridi yangu tangu utotoni. Sikuficha kitu, mengine nimeongeza. Saa moja asubuhi niliisukuma fomu chini ya mlango wa ofisi. Ya Kipimajoto ilikuwa imeshatangulia, nusu imechungulia nje: milimita tatu, fulana ya akiba, sentensi mbili. Maskini.

Suti ya saba nimeivaa tangu hapo, niizoee. Mama amepita sebuleni akauliza mbona jasho linadondokea daftari. Nimemwambia naona baridi, kabla hajaniuliza vizuri.