Pikipiki ya Kukamuliwa

Otuoma hakuwa mwizi. Hilo tuliweke sawa mapema, maana mwenyewe akiitwa hivyo alikuwa anachukia kweli. Mwizi anachukua, Otuoma alikuwa anapewa. Alishapewa simu, viatu, hata kitanda na godoro lake, na watu wazima wenye akili timamu, nao wakamshukuru kabla ya kushtuka.

Ila fahali alikuwa hajawahi kupewa, na fahali ndiye aliyekuwa anamnyima usingizi. Mzee Okwach wa Shirati alishasema: Jumamosi wazee wanakaa kupokea mahari, na asiyekuja na fahali asije kabisa, kwa sababu kuna mwenye duka la nyavu naye anamtaka binti yake, Akinyi. Na Otuoma alimpenda Akinyi, tena bila ujanja wowote, jambo lililomshangaza hata yeye.

Jumanne ya wiki hiyo alikuwa Mirongo, Mwanza mjini, kwa fundi Owiti, amechuchumaa mbele ya pikipiki yake iliyokuwa inanuka petroli mtaa mzima.

"Kabureta inavuja," fundi akamwambia. "Humu ndani kuna boya. Likipanda, sindano inaziba petroli. Yako imeingia uchafu, haizibi. Subiri nifungue nisafishe."

Akatega kopo chini ya kibomba cha kabureta, petroli ikawa inadondoka to, to, to. Ndipo akapita mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge juu ya kitenge, katoka kuuza mpunga. Akalitazama kopo, akaitazama pikipiki, akauliza kwa upole kabisa:

"Hiyo inatoa kiasi gani kwa siku?"

Fundi Owiti akafungua mdomo acheke. Otuoma akamkanyaga mguu.

"Inategemea na malisho, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyingi unazoziona mjini ni dume, kazi yao kunywa tu. Hii ni jike. Unainywesha chupa moja, unakamua mbili."

"Yesu wangu!" Mama akashika kiuno. Alijitambulisha kuwa ni Mama Getruda wa Magu, na kwamba ng'ombe anao, Mungu kamjalia, ila petroli ndiyo shida. "Na unaweza kunibadilishia na fahali?"

Hapo Otuoma alitaka kuruka kwa furaha, lakini uso akaukunja kama mtu anayeombwa figo. "Kwa sababu ni wewe, mama."

"Basi njoo nayo kesho. Ila kwetu ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa mdomo. Anakamuliwa kwanza nyumbani kwa mnunuzi, jioni, asubuhi, na jioni tena. Na maziwa ya majaribio ni ya mnunuzi."

"Hakuna shida!" Otuoma akajibu, na kabla mama hajavuka barabara alishamkataza fundi kugusa ile kabureta. Chini ya siti akaficha dumu la petroli, mpira wake akauunganisha na mpira wa tangi. Petroli ya tangi na ya dumu zote zingeshuka kwenye kabureta, na kabureta, Mungu aibariki, ingevuja zote.

Kesho yake jioni akafika Magu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama Getruda alishaita majirani. Viti vimepangwa, watoto wamefukuzwa na wamerudi. Ndoo ipo, na mafuta ya kukamulia yapo.

"Chuchu iko wapi?"

"Hii hapa, mama. Kibomba hiki."

Mama akakipaka kibomba mafuta, taratibu, huku akikibembeleza kwa Kisukuma. Otuoma akamimina chupa moja kwenye tangi, watu wote wakashuhudia, kisha akafungua koki ya petroli.

Kimya. Hata tone.

Ile barabara ya mashimo ilikuwa imeitikisa kabureta mpaka uchafu ukatoka wenyewe. Pikipiki ilikuwa imepona! Huko Mirongo watu wanalia kabureta zao zinavuja, na hapa kuna mtu jasho linamtoka kwa sababu yake haivuji.

"Imebana," akasema Mama Getruda kwa huruma. "Imeona ugeni."

"Ndiyo, mama, ina aibu. Naomba wote mgeuke."

Wakageuka, watu wazima wale, wakatazama mgomba. Otuoma akafungua bakuli la kabureta mbio mbio, akatafuta uchafu, na kwa bahati mpunga ulikuwa umeanikwa pale pale uani. Akachomeka punje chini ya sindano, akafunga, akafungua koki. Petroli ikashuka kwa fujo, ndoo ikaimba, majirani wakapiga vigelegele. Otuoma akatabasamu mpaka alipogundua kwamba punje ile haikuacha hata tone: tangi likakauka, na dumu nalo likakauka.

Na asubuhi kuna kukamua tena.

Basi alfajiri, wengine wakipiga mswaki, yeye alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kibanda cha barabarani, ambako binti mmoja, Malimi, alikuwa anauza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Akanunua za kulijaza dumu, na hela ikaisha hapo hapo. Pikipiki ikakamuliwa, ndoo ikajaa, watu wakashangilia, Mama Getruda akaibeba mwenyewe.

"Leo jioni naleta ndoo kubwa," akasema. "Na mchungaji wa kanisa letu anakuja kuona."

Otuoma akarudi kibandani na helmeti yake, Malimi akaipokea. Chupa alizopewa hazikutosha. Akarudi na koti. Bado. Akavua saa, akavua mkanda, na kwa sababu hiyo akawa anatembea ameshika suruali kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine. Jioni pikipiki ilitoa kuliko siku zote, mchungaji akasema hajawahi kuona, na nadhani hapo alisema kweli.

"Sasa, mama," Otuoma akasema akihema, "tumalize la fahali."

"Nakuja, mwanangu. Naweka maziwa."

Akasubiri. Mama hakurudi. Akafuata nyayo zake, suruali mkononi, mpaka nyuma ya kile kibanda cha barabarani. Akamkuta Mama Getruda amekaa kwenye kigoda, faneli imechomekwa kwenye chupa, ndoo kubwa iko pembeni, anamimina. Malimi anafunga vifuniko. Na mama kavaa helmeti.

Otuoma akakaa chini bila kukaribishwa. "Mama, hiki kibanda ni cha nani?"

"Changu. Malimi ni binti yangu."

"Kwa hiyo petroli niliyonunua asubuhi..."

"Ni ile ya jana jioni. Nzuri sana, ina mafuta mafuta."

"Hiyo ni petroli yangu!"

"Yako?" Mama akashangaa. "Si ya pikipiki? Au wewe umeinunua mahali? Sema tu, mchungaji bado yupo."

Otuoma akapandisha suruali yake.

"Mimi pale Mirongo nilikuwa natania," mama akaendelea, bila hasira. "Wewe ndiyo ukajibu."

Ujanja wote ukamwishia. Akamweleza kila kitu: Akinyi, Mzee Okwach, mwenye duka la nyavu, Jumamosi. Machozi yalimtoka, na safari hii hayakuwa ya kazi. Mama Getruda akamsikiliza mpaka mwisho, akamtupia mkanda wake.

"Fahali utampata. Kijana asiye na ng'ombe anachunga. Ukivuka msimu mpaka mavuno bila kupoteza hata ndama, unaondoka na fahali wako."

Ijumaa mchana, Otuoma, mtoto wa mjini, alikuwa porini Magu na fimbo begani, ng'ombe wamemzunguka, viatu vimejaa mavi. Simu ikaita. Ni Akinyi.

"Fahali umempata?"

"Nimempata, ila bado sijapewa. Namchunga kwanza. Mwambie baba anisubiri mpaka mavuno, Akinyi, nakuomba."

"Unachunga. Wewe."

"Haki ya Mungu, niko naye hapa."

Na fahali, kana kwamba ametajwa, akasogeza pua kwenye simu akalia kwa nguvu zake zote.



"Otuoma," Akinyi akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Uongo wako wote nimevumilia. Shangazi yako alikufa mara mbili, nikavumilia. Lakini mtu mzima kukaa Mirongo anaigiza sauti ya ng'ombe kwenye simu? Hapana. Kwa heri."

Akakata. Otuoma akamgeukia fahali kwa uchungu.

"Sasa wewe," akamwambia, "ungekaa kimya tu nimalize kuongea, ungepungukiwa nini?"