Kanzu ya Marehemu Mzee Kondo

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, na kwa hasira niliyo nayo hata chai haipiti.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Kondo, kafariki. Mzaramo. Mie Mnyamwezi, mtani wake, kwa hiyo msibani nina kazi yangu. Nikavaa kanzu yake, nikashika bakora yake, nikajilaza mkekani katikati ya waombolezaji nadai wali, kwamba wananizika na njaa. Nikamwiga alivyokuwa akigombeza wapangaji kwa kumaliza maji. Waliokuwa wakilia wakacheka. Hata dada yake, Bi Mwamvita, alifuta machozi akaniita kenge wa Tabora. (Hapo ningenyamaza. Lakini mie nikisifiwa, basi tena!)

Sasa jirani yetu Anselmi, mchonga vinyago, Mmakonde mwenye chale usoni, alikuwa pembeni anapiga randa mbao za kaburi. Tangu alfajiri, na hakuna aliyemwomba. Nikamwelekezea bakora. "Mchungeni huyu, maiti kwake kitoweo."

Wako waliocheka. Nawajua kwa majina, na ndio hao hao walionigeuka baadaye.

Anselmi akaweka randa chini. Akaniuliza mie na yeye tumeanza utani lini. Badala ya kuomba radhi, nikapanda juu ya benchi (mjinga hakosi jukwaa) nikahutubu kama balozi wa nyumba kumi. "Ndugu, usikasirike. Makabila yamekwisha, sote Watanzania."

"Kama yamekwisha," akasema, "huo Umakonde wangu umeuona wapi?"

Jibu lake nalitafuta mpaka sasa.

Bi Mwamvita akanijia. "Vua kanzu ya kaka yangu."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Sie ututukane mpaka kesho, ni haki yako. Ya kumtukana yeye kakupa nani?"

Nikavua. Ndani nilikuwa na kaptula ya kulalia, nyuma ina kiraka cha pazia la maua. Shehe mwenyewe akatazama pembeni. Nikakatiza uani hivyo hivyo, na wale wale waliocheka sasa wananisonya.

Anselmi alimaliza mbao zake, akaenda kuzika na wenzake. Wakati wa kurudi nikamsubiri mlangoni, nikamwambia nimekosa, anisamehe. Kanijibu, "Nimesikia," akaenda zake. Sasa hiyo ni ndiyo au siyo?

Na nyie mliocheka pale msibani, msinicheke mie. Kesho alfajiri tunakwenda wote mlangoni kwake.