Kuondolewa Darasani Kabla ya Wakati

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule iliyo mtaa wa pili kutoka nyumbani kwetu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

KUHUSU: KUONDOLEWA KWANGU DARASANI KABLA YA WAKATI

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na walimu wote unaowaongoza. Sisi hapa ghorofa ya tatu tu wazima wa mwili, ila mmoja wetu ana dukuduku, na huyo mmoja ni mimi.

Mimi ni baba wa yule msichana wa darasa la watoto wadogo, mwenye koti la mvua la njano. Pengine unanifahamu zaidi kama yule mwanamume aliyekuwa akikaa kwenye kiti kidogo karibu na dirisha, magoti yakiwa usawa wa masikio. Kwa kazi mimi ni kinyozi. Mke wangu ni mkunga. Hospitali yenu ilimwita, akaitika, nasi tukafunga virago tukamfuata. Kule kwetu nilikuwa na saluni ya viti vitatu, na tangu kufungua mlango asubuhi mpaka kufagia nywele jioni mdomo wangu haukupata likizo. Mtu alikuwa akija kunyolewa ndevu anaondoka amepata na ushauri wa ndoa. Hapa kibali changu cha kunyoa bado kinashughulikiwa. Kila nikienda kuulizia, dada wa dirishani ananipa tabasamu zuri na kuniambia kinashughulikiwa.

Ni vyema uelewe kwamba shule yako hatukuiokota. Tulitembelea shule tatu. Ya kwanza ni ya watoto wa wageni, ile yenye bwawa la kuogelea. Shemeji yangu mkubwa, dada wa mke wangu, ambaye katika ukoo tunamwita Jaji kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hukumu, alipiga simu kutoka nyumbani kusisitiza tumpeleke mtoto huko, asije akasahau kwao. Nilikwenda kuiangalia. Mzazi anaishia getini, mtoto anapokewa na mlinzi kama kifurushi. Ya pili mzazi anafika mpaka mapokezi, anapewa glasi ya maji, anaonyeshwa mlango. Ya tatu ndiyo yako. Mwalimu wa darasa alitueleza, na mke wangu aliyefundishwa lugha yenu kabla ya safari akanitafsiria, kwamba kwenu mzazi mmoja hukaa ndani ya darasa na mwanawe mpaka mtoto azoee. Hakuna haraka, alisema.

Papo hapo nikamwambia mke wangu kwamba hii ndiyo shule yenye misingi ya elimu. Aliponiuliza misingi gani, nikamjibu kwamba kwa mtu mwenye macho inaonekana. Jaji alinuna, akasema mimi nimechagua shule kwa akili ya kinyozi. Sikumkatia simu, kwa heshima ya ukoo.

Basi nikakaa. Wazazi wengine walikaa siku mbili tatu wakaenda zao. Mimi si mtu wa kulipua kazi, nilikaa muhula mzima. Sasa muhula huu umeanza, na mwalimu wa darasa amenishika bega, kwa upole ambao ulinitia wasiwasi hata kabla hajafungua mdomo, akaniambia, binti yangu akinitafsiria, kwamba mtoto amezoea na mimi niende nyumbani. Nyumbani wapi, Mwalimu Mkuu? Mke wangu yuko kazini, mtoto yuko kwenu, na katika nyumba ile anayetoa sauti ni friji peke yake.

Sitaki ionekane kwamba nalalamika kwa ajili yangu. Ninayemtetea ni mtoto. Malalamiko ni haya:

1. Imesemwa kwamba amezoea, na ushahidi uliotolewa ni kwamba akifika mlangoni hageuki nyuma. Hivi kweli? Mimi ndiye baba, namjua. Mtoto asiyegeuka nyuma ni mtoto mwenye uchungu wa ndani kwa ndani. Aliyezoea hulia getini, anang'ang'ania suruali ya baba yake, anajua akimaliza ataingia acheze. Huyu wangu ananipungia mkono bila kuniangalia, kama mtu anayefukuza inzi, kisha anakimbilia wenzake akicheka. Kicheko kile kinanitisha sana. Naomba kichunguzwe na mtaalamu.

2. Kuhusu kiti. Siku ya pili baada ya kuondolewa nilipita karibu na dirisha la darasa, kwa bahati tu, nikielekea dukani, ingawa duka liko upande mwingine. Nikaona juu ya kiti changu wameweka ua. Ua la chunguni, Mwalimu Mkuu! Lina majani manne na moja limekauka. Naomba kujua kama ua hilo nalo liliulizwa limezoea au halijazoea. Naomba kujua vilevile kwa nini linamwagiliwa na kugeuzwa lipate jua, na watoto wanaliambia habari za asubuhi, ilhali mimi niliyeleta mtoto mzima, mwenye chanjo zote, nimetolewa nje. Sina ugomvi na mimea. Nasema tu kwamba liliponiona dirishani halikuonyesha haya yoyote.

3. Masomo yangu yamekatizwa vibaya. Tulikuwa tumemaliza rangi, siku za juma, hali ya hewa na wanyama wa kufugwa. Wiki iliyofuata tulikuwa tunaingia kwenye kuomba na kushukuru, na ndipo nilipotolewa. Matokeo yake nimebaki na lugha isiyofika dukani. Mzee wa ghorofa ya kwanza alinikuta kwenye lifti, akaniambia neno. Nikamjibu kwamba leo kuna mawingu. Mzee wa watu akafurahi, akamwaga maneno mengi, mikono inaruka, inaonekana ni habari ya kumhusu yeye mwenyewe, tena habari nzito. Mimi nilibakiwa na Ijumaa, kondoo na zambarau. Nikachagua Ijumaa. Alinitazama kwa huruma, mlango ukafunguka, akashuka. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza shida za watu mpaka wanajifuta machozi kwa taulo langu. Nilipanda juu nikijisikia vibaya mno.

4. Kuna lile suala la nywele za yule mvulana, ambalo nasikia limetajwa kwenye kikao cha walimu. Nataka kumbukumbu ziwekwe sawa. Ilikuwa ni kipindi cha kukata karatasi. Mvulana aliyekaa karibu yangu alikuwa na nywele za mbele zinazomziba macho, anapaka gundi kwenye meza akidhani ni karatasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, ule wenu butu wa plastiki, aibu tupu kwa mtu wa fani yangu. Nikapunguza kidogo upande wa kushoto. Mwenye kazi hii atakwambia kwamba ukigusa kushoto huna budi kugusa kulia, na ukishagusa kulia, kushoto kunakuwa kumepanda. Mwalimu aliporudi na rangi, nyusi za mtoto zilikuwa zinaonekana vizuri kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe. Wenzake walikuwa wamejipanga foleni nyuma yake, tena foleni iliyonyooka ambayo mwalimu wenu hajawahi kuipata. Mmoja ameshajifunga aproni ya kuchorea shingoni, bila kuambiwa na mtu. Mwalimu Mkuu, sijui nikuelezeje. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu tena.

Mama wa mvulana alikuja juu kesho yake, ni kweli. Lakini juma lililofuata alinisimamisha kwenye korido, akanionyesha kwa kidole kichwa cha mtoto wake mkubwa, nacho kinahitaji mkasi. Hilo kwenye kikao halikutajwa.

5. Nimetuhumiwa kukoroma saa ya watoto kupumzika. Nakanusha. Nilifumba macho ili kuwapa watoto mfano mzuri. Kama kulikuwa na sauti, ilitoka kwenye bomba la kupashia chumba joto. Naongeza tu kwamba nilipofumbua macho nilikuta nimefunikwa blanketi dogo lenye picha za bata, linaloishia kiunoni, na sikujua ni nani aliyenifunika. Sikuuliza. Nilikaa nalo mpaka kengele.

6. Hili la mwisho ndilo zito, na ndilo linaloonyesha jinsi mtoto wangu alivyoharibikiwa tangu niondoke kumsimamia. Darasani kwenu mna ile kona yenye mto mwekundu, ambapo mtoto mwenye huzuni huruhusiwa kukaa bila kuulizwa kitu. Kwetu huzuni ya mtoto ilikuwa na dawa yake, anatumwa kitu jikoni. Sasa binti yangu ametengeneza kona kama hiyo nyumbani, kati ya friji na kabati la viatu. Ameweka mto wa kochi na taulo langu la kazi. Juzi alirudi, akaniangalia usoni, akanishika mkono akanipeleka nikakae. Kisha akaenda zake kuchora. Nilikaa. Nimekaa mara kadhaa tangu siku hiyo, kwa ajili ya ukaguzi tu, na naweza kuthibitisha kwamba mto ni mwembamba.

Mke wangu akirudi kutoka wodini ananiuliza nimeshindaje, namwambia nilikuwa na mambo mengi. Hajui kama nimetolewa. Kila asubuhi navaa shati, nachukua chupa yangu ya maji, natoka na mtoto kama kawaida. Nikishamfikisha, nazunguka uzio wa shule, naangalia mapumziko, nazunguka tena. Mtunza majengo wenu ameanza kunipigia saluti, nadhani anafikiri nimeajiriwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, nirudishwe kwenye kiti changu mpaka mtoto azoee kweli, na mwenye kusema amezoea niwe mimi. Likishindikana hilo, niandikishwe kama mwanafunzi. Najua umri wangu unaweza kuleta maswali, lakini sijawahi kuchelewa, naimba wimbo wa hali ya hewa wote bila kuangalia mabango, na kwenye wanyama nilimshinda hata yule mtoto wa daktari. Likishindikana na hilo pia, niko tayari kuwekwa chini ya utaratibu uleule wa lile ua: nisiseme kitu, nisishike mkasi, nikae tu hapo dirishani. Kumwagiliwa si lazima. Ninachoweza kutoa kwa upande wangu ni kuchonga penseli, kuosha brashi, na kufuta makamasi, maana kazi yangu imenifundisha kuinamisha kichwa cha mtu bila yeye kutambua.

Iwapo maombi yote matatu yatakataliwa, itanibidi nimhamishe mtoto nimpeleke shule ya Jaji, ile ya bwawa. Nimemwuliza kama angependa bwawa, akasema hapana. Uchungu wa ndani kwa ndani huo, kama nilivyoeleza.

Naomba unisalimie mwalimu wa darasa, na umwambie sina kinyongo naye, alinishika bega vizuri. Nisalimie mtunza majengo, mpishi aliyekuwa akiniongezea supu bila kuombwa, yule mvulana wa nyusi, na mama yake, umwambie mkubwa naye amlete nikipata kibali. Nisalimie darasa zima mmoja mmoja. Lile ua sina salamu zake kwa leo.

Nabaki mimi, mzazi mwenye ushirikiano wote, nje ya uzio wako,

Baba wa Koti la Njano.

Tanbihi: Nilipokwisha kutia sahihi ndipo nikakumbuka kwamba wewe Mwalimu Mkuu husomi lugha yetu. Hasira hizi jamani! Mke wangu yuko zamu, na hata angekuwepo nisingetaka aione. Ikabidi nimwombe binti yangu anitafsirie, maana herufi zenu anaziandika zote, moja tu ndiyo anaigeuza. Nikamketisha mezani, nikamsomea barua yote, na pale pa uchungu wa ndani nikasoma polepole. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu, kwamba nikiwa nyumbani peke yangu huwa naongea na nani. Nikamwambia kuna redio. Akachukua penseli, akatoa ulimi nje, akaandika mistari miwili, akasema tayari. Nikamwambia haiwezekani, barua ina kurasa nne. Akasema ni hivyo hivyo. Nikamwomba anisomee kwa lugha yetu nione kama hakuacha kitu. Ameandika kwamba yeye amezoea, anapenda shule, na ua ni la kwake, alilileta yeye ili kiti cha baba kisichukuliwe na mtu. Mstari wa pili ameandika kwamba baba ndiye bado. Nimejaribu kumsahihisha nikashindwa pa kuanzia. Basi naweka karatasi zote mbili kwenye bahasha moja. Hii ndefu unaweza kuitupa. Ile fupi naomba uijibu.